Kuamuliwa na Ndugu

Katika kurasa hizi walimu wenzangu wameandika mara nyingi habari za masomo, za kilimo na za malezi ya watoto. Mimi leo nataka kuandika habari ya ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wangu. Siandiki ili nijisifu, maana mtakapofika mwisho mtaona ya kuwa katika shauri hili mimi ndimi niliyeshindwa. Naandika kwa kuwa nalijifunza jambo ambalo nalilifundisha wengine miaka mingi pasipo kulijua. Jambo hilo ni hili: Wakristo wawili wakikosana, wakakubali kuamuliwa na ndugu zao, faida ya uamuzi ule haionekani sana kwa yule aliyeshinda. Huonekana kwa yule aliyeshindwa.

Kwetu ni katika mitelemko ya Kilimanjaro, nchi ya migomba na kahawa. Mtu hukaa katika kihamba alichorithi kwa baba yake, na kati ya kihamba na kihamba wazee wetu hawakujenga ukuta, walipanda masale. Sale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Haufi upesi, tena ukikatwa huchipuka. Mmea huo huo una kazi ya pili. Mtu aliyemkosea mwenzake akitaka kuomba radhi humpelekea jani la sale, na aliyeletewa jani hilo hana ruhusa ya kumfukuza aliyelileta. Mambo haya mawili nayajua tangu utoto, lakini sikujiuliza kamwe kwa nini mmea mmoja ulipewa kazi zote mbili.

Katika mwaka wa 2022 jirani yangu, ambaye ni mzee wa kanisa katika usharika wetu, alitaka kupanda miche mipya ya kahawa karibu na mpaka wetu. Akapima kwa hatua, akaja kuniambia kwa upole, "Mwalimu, naona masale haya yamesogea upande wangu." Nikamjibu, "Mzee, masale hayana miguu." Watoto waliokuwapo wakacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo, maana mtu mzima akichekwa mbele ya watoto, maneno yake ya pili hayawi ya upole tena.

Kipande chenyewe kilikuwa na upana wa hatua nne tu, kutoka mferejini hata njiani, nacho kilikuwa na mibuni kumi na mmoja niliyoipanda kwa mikono yangu. Lakini ugomvi wa mpaka haupimwi kwa hatua. Katika muda wa miezi michache hatukusalimiana tena. Jumapili alipokuwa akipitisha kapu la sadaka nalitia fedha yangu nikitazama dari. Wake zetu, ambao walizoea kuazimana chumvi, wakaanza kutuma watoto dukani.

Tulikwenda mbele ya Baraza la Kata. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka wa 2021, baraza hilo halitoi hukumu katika mashauri ya ardhi. Kazi yake ni kupatanisha, na likishindwa katika muda wa siku 30 wenye shauri huweza kwenda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wazee wa baraza walijitahidi sana, lakini sisi wawili hatukutaka kupatanishwa. Kila mmoja alitaka kuambiwa ya kuwa yeye ndiye mwenye haki. Siku 30 zikapita. Nikaenda mjini kutafuta wakili, nikatenga fedha za kumlipa. Fedha zile zilikuwa karo ya mwanangu.

Jioni moja Mchungaji alikuja nyumbani kwangu. Hakuhubiri. Alikaa, akanywa chai, kisha akaniuliza, "Mwalimu, ukishinda shauri hili utapata nini?" Nikamjibu, "Nitapata haki yangu." Akauliza, "Na jirani yako atapata nini?" Nikasema, "Atapata funzo." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi kanisani kwangu nitakuwa na mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, lakini ndugu wawili sitakuwa nao." Kisha akaniomba nisome tena sura ya sita ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, akaenda zake kwa jirani yangu akamwomba hivyo hivyo.

Nalisoma usiku ule. Mtume Paulo anawakemea watu wa Korintho kwa kuwa ndugu anamshitaki ndugu mbele ya wasioamini. Katika mji ule mashauri yalisikiwa hadharani, tena mahali pa hukumu palipoinuka palikuwa sokoni. Pamechimbuliwa, na hata leo wageni huonyeshwa. Hapo ndipo Paulo mwenyewe alipoletwa mbele ya liwali Galio, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Basi yeye alijua vema jinsi inavyokuwa ugomvi wa kanisa unapoanikwa sokoni. Anawauliza kama hakuna hata mtu mmoja miongoni mwao mwenye hekima ya kuamua. Kisha anaongeza neno gumu kuliko hilo, ya kuwa ni afadhali mtu akubali kudhulumiwa. Neno la kwanza nalilipenda. Neno la pili nalilipita haraka, kama mtu apitavyo nyumba ya mtu anayemdai.

Yafaa kukumbuka pia ya kuwa Paulo hakuzichukia mahakama za serikali. Yeye mwenyewe alipoona ya kuwa haki yake itapotea alikata rufani kwa Kaisari, nasi twasoma hayo katika sura ya 25 ya Matendo. Alilolikataa ni ndugu kumburuta ndugu yake kwa jambo ambalo nyumba moja ingaliweza kulimaliza.

Kanisa la kwanza lilishika neno hilo, likawaweka maaskofu kuwa waamuzi. Katika mwaka wa 318 Kaisari Konstantino alitoa amri kwamba wenye shauri waweza kulipeleka kwa askofu, na hukumu yake ishikwe. Katika mwaka wa 333 akaenda mbele zaidi, akasema hata mmoja akitaka peke yake, shauri na liende kwa askofu, mwenzake apende asipende. Lakini jambo hilo halikudumu. Katika mwaka wa 398, na tena katika mwaka wa 408, makaisari waliomfuata waliamuru ya kuwa ni lazima wote wawili wakubali. Naona ya kuwa amri hizi za baadaye zilikuwa na hekima zaidi. Mtu aliyeburutwa kwa askofu hana tofauti na mtu aliyeburutwa sokoni.

Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka wa 430, alikuwa akikaa kusikiliza mashauri ya watu hata saa ya chakula, na mara nyingine siku nzima pasipo kula. Rafiki yake Possidius, aliyeandika habari za maisha yake, asema ya kuwa Augustino alipenda kuamua kati ya wageni kuliko kati ya marafiki. Kati ya wageni wawili, yule aliyepewa haki angekuwa rafiki yake. Lakini kati ya marafiki wawili, yule aliyeshindwa angepotea. Mtakatifu huyo alijua uzito wa kazi hiyo. Mchungaji wetu naye aliujua, maana tulipomwomba awe mwamuzi alikataa. Alisema, "Mimi ni lazima niwape ninyi nyote wawili Chakula cha Bwana kwa mkono mmoja. Tafuteni wengine."

Akatueleza tofauti ambayo wengi wetu hatuijui. Mpatanishi hatoi hukumu. Hukaa kati ya watu, akawasaidia kuonana, na shauri hubaki mikononi mwao. Ndivyo zilivyo kamati za usuluhishi wa ndoa, ambazo kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971 watu huenda kwanza kabla ya kuomba talaka mahakamani. Mwamuzi ni mwingine. Wenye shauri humchagua wenyewe, hukubali mbele ya mashahidi kulishika neno lake, kisha yeye husikia na kukata. Sheria za nchi zaijua njia hiyo. Tanzania ilitunga Sheria mpya ya Usuluhishi mwaka wa 2020, nayo yakubali kwamba watu waliopatana kwa maandishi kupeleka shauri kwa mwamuzi wafungwe na uamuzi wake, ila mahakama yaweza kuutangua kama shauri liliendeshwa kwa upotovu mkubwa. Basi mwamuzi wa Kikristo asidhani ya kuwa yu nje ya sheria kwa sababu ameanza kwa sala.

Sisi tulifanya hivi. Kila mmoja alichagua mtu mmoja, na hao wawili wakachagua wa tatu. Mimi nalimchagua mwalimu mstaafu. Jirani yangu alimchagua mzee aliyekuwa karani wa mizani katika chama cha kahawa. Wao wakamchagua mama mmoja mjane, aliyewaongoza wanawake wa usharika miaka mingi, naye alisifiwa kwa mambo mawili: hasemi upesi, wala hasahau. Kabla ya kuanza tukaandika karatasi. Tulikubali ya kuwa tutasikiwa pamoja, wala hakuna atakayemwendea mwamuzi peke yake. Ya kuwa kila mmoja ataleta mashahidi wake, na waamuzi wataweza kumwita mwingine wamtakaye. Na ya kuwa tutalishika neno lao hata kama halitatupendeza. Nikatia sahihi kwa furaha, kwa kuwa moyoni sikuwa na shaka ya kushinda. Marehemu baba yangu alinionyesha mpaka ule kwa kidole chake.

Walitusikiliza alasiri tatu chini ya mringaringa ulio uani pa kanisa. Siku mbili za kwanza zilikuwa za kusema yale yale tuliyoyasema katika Baraza la Kata. Siku ya tatu yule mama mjane akauliza, "Mfereji ulipobomoka zamani, masale ya pale yaliondoka na maji. Ni nani aliyekuwapo yalipopandwa tena?" Watu wakatazamana. Kisha akatuma kijana amlete shangazi yangu, ambaye amepita umri wa miaka 80. Sikuwa nimemwita kuwa shahidi wangu, na jirani yangu asingethubutu kumwita kuwa wake.

Shangazi alikaa, akaomba maji, akanywa. Akasema ya kuwa mwaka ule mvua zilikuwa kubwa, na baba wa jirani yangu alikuwa amelazwa hospitali. Ndugu yake, yaani baba yangu, aliyapanda masale peke yake. Mpaka wa kale ulikuwa ukielekea kwenye jiwe lenye shimo, ambalo watu walinolea mapanga, lakini yeye hakuvuta kamba hata jiweni. Alipanda kuvuka jiwe, akiingia upande wa pili. Shangazi alisema hayo yote akitazama mikono yake.

Tukainuka wote tukaenda kihambani. Tulifukua chini ya majani makavu ya migomba, tukaliona jiwe, na shimo lake lingali laini kwa kunolewa. Karani wa mizani akapima. Kutoka jiweni hata masaleni palikuwa na hatua nne.

Nikamwuliza shangazi, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Mbona hukusema miaka yote hii?" Akanijibu, "Mwanangu, hakuna aliyeniuliza. Tena kule mjini ningekuwa shahidi wa adui yako. Hapa mimi ni shangazi yako."

Wasomaji, mimi ni mwalimu wa dini. Nimefundisha mara nyingi sura ya 27 ya Kumbukumbu la Torati, na laana juu ya mtu aondoaye mpaka wa jirani yake. Nimewaambia watoto waikariri. Sikuwaza kamwe ya kuwa nimelala na kuamka, nimekula ndizi na kuuza kahawa, ndani ya hatua nne hizo. Niliyekuwa nikimtetea hakuwa mimi tu; alikuwa baba yangu, na sasa nalimwona kwa namna nisiyoitaka.

Waamuzi walikuwa karibu kujitenga ili waandike neno lao. Jirani yangu akasimama, akaomba ruhusa ya kusema. Nalijua angesema nini, maana mimi katika nafasi yake ningalisema: ningalikumbusha masale yasiyo na miguu. Yeye akasema, "Naomba jambo moja tu. Katika karatasi yenu msiandike habari za baba wa Mwalimu. Andikeni mpaka." Kisha akakaa.

Waliandika mistari michache. Mpaka urudi kwenye jiwe. Kwa kuwa mibuni kumi na mmoja ilipandwa na mtu asiyejua, jirani anilipe gharama ya miche na ya palizi katika muda wa miaka miwili. Mavuno ya mwaka ule yagawanywe nusu kwa nusu. Masale mapya yapandwe na sisi wawili kwa siku moja na kwa kamba moja. Habari za baba yangu hazimo.

Ningependa kuwaambia ya kuwa nalikubali papo hapo kwa moyo mweupe. Sivyo. Jumapili tatu nzima sikwenda kwenye Meza ya Bwana, na mara mbili nalitoa zile fedha za wakili nikazihesabu. Nalijiambia ya kuwa shangazi ni mzee na mawe ni mengi. Lakini kila nilipotaka kuwakasirikia waamuzi, nalikumbuka ya kuwa mmoja wao nalimchagua mimi, na karatasi ina sahihi yangu. Na kila nilipotaka kumkasirikia jirani yangu, nalikumbuka ombi lake. Hapo nikafahamu ya kuwa si hasira niliyokuwa nayo. Ilikuwa aibu, nayo ilivaa nguo za hasira. Neno gumu la Mtume, lile nililolipita haraka, lilikuwa limemkuta jirani yangu miaka yote hiyo. Yeye ndiye aliyedhulumiwa, naye alipopata haki yake hakuitumia kunipiga.

Katika juma la nne nalikata jani la sale, nikampelekea. Alilipokea kwa mikono miwili, hakusema neno, akanivutia kiti. Fedha za karo zikaenda zilikokusudiwa tangu mwanzo. Habari hizi naziandika kwa ruhusa yake na ya shangazi yangu. Nalimwambia ya kuwa yeye alimfunika baba yangu kwa hisani, lakini mimi sitaki kufunikwa.

Sasa naomba mtu yeyote asiyachukue maneno yangu kuyapeleka mahali pasipo pao. Yako mambo ambayo wazee wa kanisa hawana ruhusa ya kuyaamua. Mtoto akiharibiwa, mwanamke akipigwa, damu ikimwagika, hilo ni la polisi na mahakama, na anayelikalia kikao ili limalizwe kwa mbuzi hapatanishi, anaficha. Tena uamuzi wa ndugu wafaa pale tu ambapo wote wawili wako huru kukataa. Mimi na jirani yangu tulikuwa sawa kwa umri, kwa mali na kwa heshima. Mjane akipelekwa mbele ya waamuzi waliochaguliwa na shemeji zake, hapo hakuna hiari. Huko Marekani, ambako tangu mwaka wa 1925 kuna sheria kuu ya kuyapa nguvu mapatano ya namna hii, gazeti la New York Times liliandika mwaka wa 2015 habari za watu waliotia sahihi mikataba yenye sharti la kuamuliwa kidini, kisha baadaye wakakuta mlango wa mahakama umefungwa. Sahihi iliyotiwa kabla ugomvi haujazaliwa, na mtu mnyonge mbele ya mwenye nguvu, si sawa na sahihi yetu chini ya mringaringa. Makaisari wa mwaka wa 398 na wa 408 walilijua jambo hilo.

Lakini mashauri ya mipaka, ya madeni, ya ng'ombe aliyekula mahindi, ya urithi kati ya ndugu wa tumbo moja wenye akili timamu, hayo ni mengi mno katika sharika zetu, nayo yanakula karo za watoto wetu. Kwa hayo nawashauri hivi. Mwendee mwenzako peke yako kwanza, kama tulivyoamriwa katika Mathayo sura ya 18, wala usimchekeshee watoto. Mkishindwa, chagueni waamuzi mkiwa bado mwaweza kukaa chini ya mti mmoja. Andikeni mapatano yenu. Waulizeni wazee, hasa wale wasioulizwa. Na wewe utakayeshinda, fikiri mapema utakachoomba kisiandikwe.

Tulipanda masale siku ya Jumamosi, baada ya mvua. Yeye alishika kamba jiweni, mimi nikaishika mferejini, na shangazi akaketi njiani akituangalia ili tusikosee. Yamekwisha kushika sasa. Mwaka huu darasa langu lilipofika sura ile ya 27, mtoto mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na kama mtu ameukuta mpaka umekwisha kuondolewa?" Zamani ningalimwambia asome mstari unaofuata. Safari hii nalikaa juu ya dawati, nikawasimulia habari ya jiwe lenye shimo.